Uji wa Mastura

Jumapili, 6 Machi 1955

Jana imesomwa arubaini ya mwanangu Mboni. Watu wamekula, wameitikia dua, wamekunja majamvi na kwenda zao. Leo tangu asubuhi hakuna aliyepiga hodi. Nadhani ndivyo inavyokuwa. Ikishapita arubaini, msiba unabaki kuwa wako peke yako.

Mume wangu Mwinyijuma hataki jina la mtoto litajwe nyumbani. Hanigombezi nikilitaja, anainuka tu na kutoka nje. Basi nitaliandika. Nilisoma Pangani mpaka darasa la nne nilipokuwa nikikaa kwa mama mdogo, na mkono haujasahau. Mboni. Mboni binti Mwinyijuma, miaka saba, pengo la meno mawili ya mbele. Alitapika, macho yakawa manjano, tumbo likajaa kama la mja mzito, akafa. Kabla yake alikufa hivyo hivyo Mbwana, mtoto wa jirani yangu Mwamvua.

Kwenye nguzo ya jikoni kuna masizi aliyoyakwangua Mboni kwa ukucha, duara moja na vijiti viwili. Alisema ni bata. Sijapangusa.

Jumanne, 8 Machi

Jua. Nimetwanga, nimechota maji, nimelala.

Ijumaa, 11 Machi

Leo tumegawiwa mahindi. Mavuno yaliyopita Jumbe Zubeiri alitutaka tuweke mahindi ya nyumba zote katika ghala moja, yalindwe pamoja. Likawa jambo jema, maana nguruwe wa mwitu walikuja wakaufukua muhogo wetu wote, na vuli haikutupa kitu. Sasa hatuna chakula kingine mpaka mahindi mapya yakomae. Ila tulivuna kukiwa na manyunyu, na paa la makuti likavuja. Magunia ya chini yametoka na ukungu wa kijani, mwingine wa manjano kama bizari.

Hakuna aliyeshtuka. Sisi ni watu wa bada. Muhogo tunauvundika kwa mikono yetu wenyewe, tunaufunika majani mpaka uote manyoya meusi, tunaukwangua, tunauanika, tunautwanga, na ugali wake mweusi ndio uliotukuza. Mtu wa hapa humtishi kwa ukungu. Basi na mahindi tunayafanya vivyo hivyo. Tunayasugua, tunayaosha, tunayaanika juani, na unga wake unatoka mweupe kama unga wowote. Una uchungu kidogo ulimini. Lakini siku hizi kila kitu kinywani mwangu kina uchungu.

Jumanne, 15 Machi

Wifi yangu Mastura ameniletea kuni. Ni dada mkubwa wa Mwinyijuma, anakaa nyumba ya nyuma yetu tangu mumewe afariki. Hakujaliwa mtoto. Kila asubuhi anapika sufuria kubwa ya uji wa mahindi, na watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani wanasimama mlangoni pake na vifuu vya nazi mkononi. Yeye anawaita wapangaji. “Wapangaji wangu hawalipi kodi ila kelele,” husema. Mboni alikuwa mpangaji anayefika kabla ya wote.

Leo walikuwa wachache. Nilimwuliza wako wapi, akasema labda wana homa, mvua inakaribia. Uji uliobaki akanipa mimi. Niliunywa mbele yake ili asiumie.

Jumamosi, 19 Machi

Mwamvua amepita bila kunisalimu. Alikuwa akiutazama mlango wa wifi.

Alhamisi, 24 Machi

Amekuja kijana wa kilimo kutoka Pangani, Bwana Fanueli, Msambaa, Mlutheri. Ameletwa kwa habari ya nguruwe na mbegu za muhogo. Vijana wamekwisha kumpa jina, Bwana Muhogo. Walipomwita hivyo aligeuka akasema, “Naam, mimi ndiye. Mnanitaka wa kuchemsha au wa kuchoma?” Watu wakacheka. Sikumbuki tulicheka lini mara ya mwisho hapa.

Jumbe akampeleka ghalani. Nilikuwapo, nimefuata fungu langu. Akachukua bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, akalichoma gunia la chini na kutoa mahindi kiganjani. Akayapuliza. Vumbi la kijani likaruka. Akayanusa, akaacha kutania.

“Haya mnakula?”

“Tunaosha kwanza,” Jumbe akasema.

“Kuna watoto waliokufa hapa mwaka huu, Jumbe?”

“Watoto hufa kila mwaka, bwana.”

“Wangu amekufa,” nikasema. Sikujua kama nitasema.

Akaniuliza juu ya macho, na tumbo, na rangi ya mkojo. Nikamjibu yote mbele ya wanaume, sikuona haya. Akasema, “Mama, mimi si daktari, nisikudanganye. Ila nilikuwa nikifanya kazi shamba moja huko kwetu Ushambaa. Nguruwe wa bwana mwenye shamba walikula mahindi yenye ukungu kama huu. Hawakufa siku hiyo wala ya pili. Walidhoofu polepole, wakageuka manjano, wakaisha. Daktari wa wanyama alisema huenda ni ukungu. Alisema huenda.”

“Na kujua hasa?” nikauliza.

“Njia niliyoona wakiifanya ni vifaranga. Vya bata ni bora, maana ni dhaifu kuliko vya kuku. Baadhi wanalishwa mahindi haya haya, wenzao wanalishwa kitu kingine. Unangoja mwezi, unatazama.”

“Mwezi!” Jumbe akasema. “Na mwezi huo mimi nile vifaranga?”

Bwana Fanueli akajipangusa kiganja. Anataka kufika Mkwaja kabla mito haijajaa. Amesema akirudi atapita hapa.

Jumamosi, 26 Machi

Mvua ya kwanza. Hatibu, mjukuu wa Jumbe, anatapika.

Jumapili, 27 Machi

Macho ya Hatibu yamegeuka rangi. Jumbe ameita watu wote barazani kwake. Maneno ya Bwana Muhogo yalikuwa yamekwisha kuenea, na nyumba nyingine jana hazikupika.

“Sina mwezi wa kungoja,” Jumbe akasema. “Huyu hapa jogoo wangu. Atakula mahindi ya gunia baya kuliko yote, mbele ya macho yenu, na atafungwa hapa. Kama ni sumu, kesho tutamkuta amelala miguu juu.”

Watu wakaridhika. Ndivyo tunavyofanya na samaki tusiyemjua, anatupiwa paka nasi tunasubiri. Sumu tunayoijua sisi ni ya bunju, na bunju hachelewi. Anayemla jioni hafiki asubuhi.

Jogoo alikula kwa pupa. Mastura alikuwa karibu nami, akaninong'oneza, “Huyo naye hajashiba tangu sikukuu ya Mwaka Kogwa.”

Jumatatu, 28 Machi

Jogoo amewika kabla ya adhana.

Tulikwenda kumtazama, amesimama juu ya kibaraza, shingo ndefu, anadai chakula kingine. Wanawake walipiga vigelegele. Watu walikumbatiana. Jumbe alikaa chini akajifuta uso kwa kanzu yake.

Kisha Mwamvua akasimama.

“Mahindi hayana kosa,” akasema. “Tumeona wote. Basi niambieni. Mbwana wangu yuko kaburini. Mboni yuko kaburini. Hatibu amelala ndani humo, manjano kama embe. Kama si mahindi, ni mkono wa mtu. Na watoto hao watatu kila asubuhi walikuwa wakinywa uji kwa nani?”

Hakuna aliyetaja jina. Wifi Mastura alikuwa amekuja kumtazama jogoo kama sisi. Akacheka kidogo. “Si kwangu, jamani? Wapangaji wangu.” Halafu akaona tunavyomtazama.

Nami nilimtazama. Tangu Bwana Fanueli aondoke nilikuwa siwezi kuiangalia sufuria yangu mwenyewe. Nilimpikia Mboni mahindi yale yale, kwa mikono hii. Jogoo alipowika nilisikia kama mtu amenifungua kamba shingoni. Nilitaka sana iwe mtu. Nilitaka awe mtu mwingine.

Alhamisi, 31 Machi

Mastura amepika uji, hakuna aliyekuja. Amekaa mlangoni na upawa mkononi mpaka ukapoa. Hatimaye ameunywa mwenyewe.

Ijumaa, 1 Aprili

Baada ya sala wamekuja wazee, Jumbe mbele. Walikaa uani kwetu, wakamwita. Mvua ilikuwa ikinyesha, nasi tumejibanza chini ya upenu. Nje ya ua walisimama wanawake na kanga vichwani.

Jumbe alisema kwa upole, kama anayempa mtu pole. “Bi Mastura, hapa hakuna anayekutuhumu. Tunaona tu ni heri ukapumzike Mkwaja kwa ndugu zako, mpaka watu watulie.”

“Ndugu zangu wa Mkwaja wamekwisha, Jumbe. Wa mwisho umemzika wewe.”

“Nyumba yao ipo.”

“Nyumba haina paa, na hii ni masika.”

“Mchawi halowi!” Mwamvua akapiga kelele kutoka nje, na wengine wakacheka.

Wifi akamgeukia mume wangu. “Mwinyi, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Umeninyea mgongo huu. Sema neno.”

Mwinyijuma alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake. “Nenda, dada,” akasema. “Kwa muda tu.”

“Haya. Na wewe, wifi? Nawe wasema nimemla Mboni?”

Nilikuwa nimeshika nguzo ya upenu. Nilikumbuka usiku Mboni alipozidiwa, yeye ndiye aliyekesha akimkanda miguu, akimwimbia wimbo wa kitoto wa kaa na shimo lake. Nilikumbuka hilo, na bado sikumjibu.

Alifunga jamvi, ukili wake wa kushonea mikeka na nguo zake. Mwinyijuma alimbebea mzigo mpaka njia panda. Nilimwona akirudi, maji yanamtiririka usoni, na sikujua yapi ni ya mvua.

Usiku hakula.

Jumanne, 5 Aprili

Mvua.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua. Paa lake halijatoka kichwani mwangu.

Jumamosi, 9 Aprili

Bata wangu ameangua. Vifaranga kumi, wote wazima, wa manjano na weusi. Mboni angekuwa amekwisha kuwapa majina.

Nimewagawa mara mbili. Watano nimewaweka kwenye tenga nyuma ya jiko, nawapa mahindi ya ghala, yaliyooshwa na kuanikwa kama tunavyokula sisi. Watano wako na mama yao, nawapa chenga za mchele alizoniletea mama mdogo kutoka Pangani, na mchwa. Wote nawapa maji ya mtungi mmoja.

Mwinyijuma ameuliza kwa nini. Nimemwambia tenga lilikuwa tupu.

Ukweli nauandika hapa. Siwafugi ili wafe, nawafuga ili waishi. Mwezi ukipita na wa tengani wakiwa wazima, basi ni Mastura, na mimi nitapumzika.

Alhamisi, 14 Aprili

Wote wanakula. Wa tengani wana kelele kuliko wenzao. Leo nimetwanga huku nikiimba.

Jumatano, 20 Aprili

Wa tengani wamekuwa wadogo kwa wenzao. Labda ni kwa kuwa wako mbali na mama yao. Nimewatoa nje wakaota jua.

Jumapili, 24 Aprili

Mwezi umeandama, tumeanza kufunga. Mwaka jana tulifuturu na wifi, sinia moja. Alikuwa akimwekea Mboni tende chini ya kawa, akijifanya hajui nani kaiiba. Leo tumefuturu wawili, mimi na Mwinyijuma, kila mmoja akitazama upande wake.

Jumatano, 27 Aprili

Mmoja wa tengani anachechemea. Hakuna jeraha mguuni.

Ijumaa, 29 Aprili

Hatibu amefariki leo asubuhi. Tumemzika kabla ya sala, kwenye matope. Jumbe aliingia mwenyewe kaburini kumpokea, wakashindwa kumtoa.

Mastura ameondoka karibu mwezi mzima. Hatibu hakuuonja uji wake tangu siku ile. Alikuwa akila kwao, ugali wa ghala, na kwa kuwa ni mgonjwa mama yake alimwongezea. Niliposema hivyo matangani, taratibu tu, Mwamvua aliniangalia kwa huruma. “Mkono wake ni mrefu, Mama Mboni. Wewe una moyo mwepesi, hayo huyajui.”

Wote wakaitikia. Halafu sinia likaletwa, ugali mweupe unafuka moshi, tukafuturu.

Mimi nilinyoosha mkono kama wengine. Tonge lilikaa mdomoni kama kipande cha nguo.

Jumatano, 4 Mei

Leo amekufa mmoja wa tengani. Yule mchechemeaji. Alilala ubavu, shingo ikajipinda nyuma mpaka kichwa kikagusa mgongo, miguu ikawa inapiga kama anaogelea. Nilimshika kiganjani mpaka mwisho, alikuwa na joto bado.

Wale walio na mama yao wamekuwa wakubwa, wanakimbizana na kuku.

Ijumaa, 6 Mei

Wawili. Shingo ile ile.

Jumamosi, 7 Mei

Wa nne. Nimempasua kwa kisu cha samaki. Ini lilikuwa la rangi ya udongo, limepauka, limelegea. Nikamchinja mmoja wa wale wa chenga ili nilinganishe, Mungu anisamehe, na lake lilikuwa jekundu kama ini la bata yeyote. Nimeyaweka yote mawili juu ya jani la mgomba na kukaa mbele yake.

Hakuna mkono mrefu. Hakuna mtu. Jogoo wa Jumbe alikuwa mkubwa, mwenye nguvu, alikula mara moja tu, na sisi tukampa usiku mmoja.

Nilidhani nikijua nitalia, na machozi hayakuja. Nimefikiri juu ya nyumba isiyo na paa kule Mkwaja, na mvua hii yote.

Jumapili, 8 Mei

Nimemwonyesha Mwinyijuma. Alitazama yale maini, akanawa mikono ingawa hakugusa kitu.

“Fukia,” akasema.

“Dada yako hakufanya lolote, Baba Mboni.”

“Nasema fukia. Watu watasema tumefanya dawa.”

“Umesikia nilichosema?”

“Nimesikia tangu siku ile!” akapaza sauti, jambo ambalo halifanyi. “Unadhani nilimwamini Mwamvua? Namjua dada yangu. Lakini walikuwa watu wangapi pale uani? Ningekataa wangetuchomea nyumba, au wangetunyima ghala. Ningekulisha nini wewe?”

Sikuwa najua hayo. Miaka yote hii nilidhani ni mtu asiyejua la kusema. Sijui kama namchukia zaidi sasa au nimeanza kumwelewa. Labda yote mawili.

Jumatano, 11 Mei

Mwinyijuma amerudi kutoka msituni na ndiga, kikapu kizima. Viazi hivyo vina sumu, lakini sumu yake tunaijua. Nimevimenya, nimevikata vyembamba, nimevifunga mtoni maji yapite siku kadhaa. Tumeacha kula mahindi ya ghala.

Jumanne, 17 Mei

Bwana Fanueli amerudi, amekonda, mguu mmoja wa suruali umechanika. Nilimweleza yote. Hakujisifu. Akasema, “Nilitumaini nimekosea.”

Alasiri tulikwenda pamoja kwa Jumbe. Walikuwapo wazee, na Mwinyijuma alikuja, akakaa nyuma yangu. Nilisema mimi mwenyewe, nikaeleza habari ya bata, na jogoo, na maini. Nilisema jogoo alikuwa shahidi wa usiku mmoja, na ugonjwa huu unahitaji shahidi wa mwezi.

Jumbe alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amezeeka tangu Hatibu. Akasema, “Nakuamini, Asmahani.”

Nikageuka kumtazama Mwinyijuma.

“Nakuamini,” akasema tena, “na sasa nikuulize. Nikimwaga mahindi yale leo, kesho watu wale nini? Serikali italeta chakula, Bwana Muhogo?”

“Nitaandika Pangani,” Fanueli akasema. “Sijui watajibu lini. Barabara imekatika.”

“Mahindi mapya yangali maua. Mjukuu wangu nimemzika, nimelipa kama nyinyi. Ukungu unaua mtoto mmoja mmoja. Njaa nimeiona mimi nikiwa kijana, haiji hivyo, inafagia nyumba nzima. Tutachagua. Ya juu tutakula, ya chini kabisa tutatupa, tutaosha zaidi.”

“Kuosha hakusaidii, Jumbe,” nikasema. “Mahindi ya bata wangu yalioshwa.”

“Basi tutakula machache.”

Mzee mmoja akauliza kama watu waambiwe. Jumbe akatikisa kichwa. “Ukiwaambia watayakataa siku mbili, siku ya tatu watavunja ghala wayale yote, mabovu na mazima.”

“Na wifi yangu?” nikasema. “Yeye angalau aitwe arudi.”

Jumbe aliangalia chini. “Akirudi wataniuliza kwa nini. Nitawajibu nini? Nikisema hakuroga, watasema basi ni mahindi. Bi Mastura akae alipo mpaka mavuno. Ni miezi michache.”

“Kwa hiyo ni mchawi mpaka mavuno.”

“Usiseme hivyo, binti yangu.”

“Niseme vipi?”

Fanueli alikuwa akiandika kitu na kalamu ikakataa. Kutoka jikoni kwa Jumbe tulisikia mchi. Walikuwa wakitwanga ya kufuturia.

Jumanne, 24 Mei

Idi. Watoto wachache wamevaa nguo mpya. Mmoja wao, wa nyumba ya jirani wa Mwamvua, macho yake sikuyapenda. Nimemwambia mama yake kuhusu mahindi, kwa sikio. Ameniambia Mastura amenitia wazimu kutoka huko huko aliko. Nimemwachia kikapu cha ndiga zilizokwisha kulowekwa. Sijui kama atampikia.

Jumamosi, 28 Mei

Nimekwenda Mkwaja. Mwinyijuma alinisindikiza mpaka mtoni, akasema hawezi kumwangalia usoni, akanipa samaki wakavu nimpelekee.

Wifi ameezeka chumba kimoja kwa makuti aliyoyasuka mwenyewe. Alikuwa amekaa jamvini anasuka ukili. Hakusimama.

“Karibu, wifi. Hutaogopa kukaa?”

Nikakaa. Nilimwomba radhi kwanza, kwa siku ile aliponiuliza nami nikashika nguzo. Kisha nikamwambia yote kwa utaratibu, kama nilivyoyapanga njiani. Nilidhani namletea zawadi. Nilidhani atapiga kelele, amshukuru Mungu, alie, nami nilie naye.

Mkono wake ulisimama katikati ya ukili.

“Mahindi,” akasema.

“Mahindi, wifi. Hukumroga mtu.”

“Yale ya ghala. Niliyokuwa nikipika uji.”

Hapo ndipo nilipoona nimeleta nini.

“Mimi mjane, hakuna wa kunishikia foleni,” akasema. “Nilikuwa nafika mwisho, napewa ya chini kabisa. Nilikuwa nayaosha mpaka mikono inachubuka. Nikasema ni ya watoto.” Akauweka ukili chini. “Unajua, hapa nilikuwa nalala? Kijiji kizima kinaniita mchawi, na mimi naweka kichwa nalala, kwa sababu najijua. Sasa umetembea matope yote haya kuja kuniambia sikuwaroga, niliwaua tu.”

“Wifi, hukujua.”

“Afadhali mchawi. Mchawi angalau anamjua anayemwua.”

Niliinamisha kichwa. Baada ya muda akauliza, sauti ndogo kabisa, “Mboni alikuwa akila kwako? Pale nyumbani?”

“Alikuwa akila sana,” nikamwambia. “Ugali wangu, mchana na jioni. Kwako alikuwa akionja tu, apate kucheza na wenzake.”

Si kweli. Mboni alikuwa akirudi kutoka kwake ameshiba, ananikatalia chakula changu, anasema shangazi ndiye anayejua kupika.

Wifi alinitazama, si kwa hasira. Alishika uso wangu kwa kiganja kikavu, akauachia.

“Vifuu viwili kila asubuhi,” akasema. “Na Ijumaa, chuo kikiwa kimefungwa, vitatu.”